Ndege wa ziwa hawana geti, ndiyo maana hawana daftari

Mgeni akishuka stendi ya Tarime na kuuliza mahali pa kuona wanyama, jibu hulipata kabla hajatua begi. Vijana wa bodaboda wa Nyamisangura watanyoosha mkono kusini-mashariki, iliko Serengeti, na kumtajia geti la kuingilia. Wakati huohuo, juu ya vichwa vyao, mwewe anazunguka akivizia utumbo uliotupwa nyuma ya bucha. Yangeyange wanapita kwa makundi kuwafuata ng'ombe malishoni. Kuanzia Oktoba hadi Machi, mbayuwayu waliotoka Ulaya hujipanga kwenye nyaya za umeme kupumzisha mabawa. Hao hakuna anayewaonyesha. Hawana geti.

Magari ya watalii nayo hukatiza mjini bila kusimama. Mengine yanatoka Kenya kupitia Sirari, mengine yanapanda kutoka Mwanza na Musoma, na yote yana haraka ya kufika hifadhini kabla jua halijazama. Abiria wake wamelipa fedha nyingi ili waone viumbe, na katika safari hiyohiyo wanavuka Mto Mara pale Kirumi, juu ya mojawapo ya mabwawa ya mafunjo yenye ndege wa ajabu kuliko yote Afrika Mashariki, huku vioo vimefungwa.

Makala hii inashikilia kwamba mwambao wa Ziwa Victoria na bwawa la Mto Mara ni hifadhi isiyo na uzio, na kwamba watu wa Tarime na Rorya wanaipoteza kwa sababu tu hakuna anayewatoza kiingilio. Kinachopotea kwanza si ndege wenyewe. Ni taarifa za mapema kuhusu maji, samaki na mavuno, ambazo ndege huzitoa bure kila siku kwa yeyote mwenye macho na daftari. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Watu wa ziwa nao wanazo dalili zao, na nyingi zina mabawa.

Kutoka Nyamisangura hadi Kirumi

Siku moja inatosha kulithibitisha hilo. Anayetoka Nyamisangura alfajiri kwa Hiace ya Musoma huiacha nyanda ya juu ya Tarime, penye migomba, kahawa na mahindi, akateremka kuelekea ziwa lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika mteremko huo hewa inabadilika, udongo unabadilika, na ndege nao wanabadilika. Mabondeni, mahali ambapo maji hayajakaushwa kwa ajili ya bustani, bado huonekana korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu, yuleyule aliye kwenye bendera ya Uganda. Tangu 2012 ametajwa kimataifa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, na sababu zake zinajulikana: mabonde kukaushwa, sumu mashambani na kukamatwa ili afugwe.

Kirumi ndipo siku inapoanza hasa. Daraja linapita juu ya mto uliosafiri takriban kilomita 395 kutoka kwenye milima ya Mau nchini Kenya, ukapita Maasai Mara, ukaingia Serengeti kaskazini, kisha ukatawanyika na kuwa bwawa kubwa kabla ya kumwagika kwenye Ghuba ya Mara. Shirika la BirdLife International limeiorodhesha ghuba hiyo pamoja na bwawa la Masirori miongoni mwa maeneo muhimu kwa ndege nchini. Ni wangapi kati ya wanaovuka daraja hapo wanaolijua hilo?

Anayesimama hapo mapema hatahangaika. Atamwona kandege mwekundu mwenye vidole virefu kupita kiasi akitembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Atamwona furukombe, kichwa cheupe na mabawa meusi, akiangua ile sauti yake inayosikika kutoka mbali. Mnana watakuwa wanafuma viota kwenye mashina ya mafunjo huku wakigombana. Kiboko atapumua majini, na mgeni atajifunza haraka kwa nini wavuvi wa huku hawapendi kupiga makasia usiku.

Ndege wa kumsubiri ni mmoja. Ni jamaa ya tiva, mweusi mgongoni, mwekundu kama damu kifuani, mwenye utosi wa njano. Anaishi kwenye mafunjo tu. Hahamii shambani, hahamii msituni, na bwawa likifa naye amekwisha. Dume na jike huitikizana kutoka ndani ya mafunjo, na mara nyingi mtu huondoka amewasikia tu. Wako wapenzi wa ndege wanaoruka kutoka Ulaya na Marekani hadi maeneo machache yanayolizunguka Ziwa Victoria ili wapate sekunde chache za kumwona huyo. Mtoto wa Kirumi amemsikia tangu kuzaliwa, ila hajaambiwa kwamba anachokisikia kinatafutwa duniani.

Ng'ambo ya mto ni Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere. Inasimuliwa kwamba Mwalimu alisema wazi kwamba yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba. Hata hivyo ni yeye aliyetoa Ilani ya Arusha, Septemba 1961, akiahidi kwamba nchi itawalinda wanyama wake kama urithi na kama njia ya maisha. Katika mambo hayo mawili, watu wa mkoa wake wameshika zaidi lile la kwanza. Mamba wa Kirumi wapo, na wanaotaka kuwatazama ni wachache.

Mafunjo si magugu

Kwa mwenye ng'ombe, mafunjo ni kizuizi kati ya mifugo na majani mabichi, kwa hiyo kiangazi yanachomwa. Kwa mkulima ni ardhi yenye rutuba inayongoja jembe. Kwa mama anayesuka majamvi ni malighafi. Wote watatu wana haki ya kuliangalia bwawa kwa macho yao, na hakuna mwandishi wa makala aliye mjini anayepaswa kuwadharau. Lakini kuna kazi ya nne ambayo mafunjo huifanya bila kulipwa: huyapunguza maji mwendo, hudaka tope na mbolea iliyosombwa kutoka mashamba ya juu, na huwapa samaki wachanga pa kujificha. Maji yanayofika kwenye ghuba yamechujwa, na ghuba hiyo ndiyo inayowanywesha watu wa mwambaoni na kuwalisha samaki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Kila mtendaji wa kijiji ameisikia. Tembea ufukweni uone mahindi yameota wapi. Sheria ambayo raia hajui inamlinda nini huheshimiwa siku ya ukaguzi tu, na huo ni ukweli ambao askari peke yake hawezi kuubadilisha. Mtu anayejua kwamba kwenye mita hizo 60 ndimo kambare anamotagia, na ndimo anamoishi ndege anayeweza kumletea mgeni mwenye fedha, ana sababu ya kuuliza kabla hajawasha kiberiti.

Mdiria na sufuria ya nyumbani

Kutoka Kirumi, barabara za Rorya humfikisha msafiri Kinesi, mwalo unaotazamana na mji wa Musoma ng'ambo ya ghuba. Hapa mambo ni mengine. Dagaa wameanikwa, wanawake wanageuza na kufukuza ndege kwa wakati mmoja, na wezi wako wa kila aina: kunguru, mwewe, yangeyange, fundichuma mwenye kisogo kama nyundo. Mnandi wamekaa kwenye mawe, mabawa wameyatandaza wayaanike. Mgeni asishawishike kuvua viatu na kuingia majini kupiga picha. Kichocho hakichagui mtalii.

Nyota wa mwaloni ni mdiria mweupe kwa mweusi. Husimama hewani akipiga mabawa, macho chini, kisha hujitupa kama jiwe na kuibuka na samaki. Ndege huyo ana kisa ambacho kila kaya ya Kanda ya Ziwa ingepaswa kukijua.

Watafiti waliofanya kazi kwenye Ghuba ya Mwanza waliyachunguza mabaki ya chakula cha midiria, yale mafundo ya miiba wanayoyatapika. Zamani mafundo hayo yalijaa miiba ya furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi waliokuwa na mamia ya aina humu ziwani. Kisha sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka ghafla katika miaka ya 1980 na kuwafyeka furu. Aina nyingi zikatoweka kabisa. Watafiti walipoyafungua mafundo upya walikuta miiba ya dagaa. Na kwa kuwa dagaa ni mwepesi kuliko furu, mdiria alilazimika kujitupa majini mara nyingi zaidi kila siku ili ashibe kama zamani.

Je, hayo hayakutokea jikoni pia? Furu wa bei ya chee aliyeliwa na kila mtu aliondoka. Sangara alipojaa, viwanda vya minofu vya Mwanza na Musoma vilimsafirisha kwenda Ulaya. Kwenye sufuria ya mwenye kipato kidogo akabaki dagaa, naye sasa anagombaniwa na viwanda vya chakula cha kuku. Mabadiliko ya ziwa zima, ambayo wataalamu waliyachora kwa majedwali, yalikuwa yameandikwa kwenye matapishi ya ndege mmoja. Aliyekuwa akimfuatilia mdiria aliyaona mapema.

Mawe yaleyale ya mwaloni yana mgeni mwingine, shakwe mwenye mgongo mweusi. Wengi hudhani ni wa hapahapa. Baadhi yao huzaliwa kwenye visiwa vya Bahari ya Baltiki, nchini Ufini, ambako wataalamu huwavisha pete miguuni na wengine vifaa vya setilaiti. Vifaa hivyo vilionyesha kwamba shakwe hao huvuka Ulaya ya mashariki na bonde la Nile, na wengi wao humalizia safari Ziwa Victoria. Huko kwao wanapungua, kwa hiyo watu wa Ufini wana hamu kubwa ya kujua wanakula nini huku na wanakufaje. Mvuvi wa Kinesi akiokota shakwe aliyekufa mwenye pete ya namba, ameokota barua. Mwalo mzima ungejua kuisoma kama mtu mmoja tu angeelekezwa jinsi ya kutoa taarifa ya namba hiyo.

Machi 2022

Mwezi huo maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Watu walikatazwa kuyatumia maji na kula samaki hao. Serikali iliunda kamati, na majibu yake yakaeleza kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, viliimaliza hewa ya oksijeni majini. Nchi nzima ikabishana. Wapo waliocheka, wapo waliotaka shughuli za migodi zichunguzwe zaidi, wapo waliokumbuka malalamiko ya mwaka 2009 kuhusu uchafuzi wa mto Tigithe, karibu na mgodi wa dhahabu wa Nyamongo. Watu wa bwawani, walioishi na ng'ombe na maji hayo tangu enzi za mababu, walibaki na swali: mbona zamani haikuwa hivyo?

Makala hii haina la kuongeza kuhusu nani alikuwa sahihi. Ina swali jingine. Ni nani, pale Kirumi au Kinesi, aliyekuwa na daftari linaloonyesha mnandi walikuwa wangapi mwezi mmoja kabla, furukombe walilea vifaranga wangapi mwaka uliotangulia, au midiria walihama lini? Rekodi ya namna hiyo isingemaliza ubishi, lakini ingeupa mahali pa kuanzia. Ndege mla samaki anaishi juu ya mnyororo wa chakula, na kinachokusanyika majini humfikia kabla hakijamfikia mtu. Marekani waliligundua hilo kwa uchungu: sumu ya DDT iliyopulizwa mashambani ilifika kwa tai wao kupitia samaki, maganda ya mayai yakawa membamba, mayai yakapasuka chini ya mama, idadi ikaporomoka. Mwaka 1972 walipiga marufuku matumizi ya dawa hiyo kwenye kilimo. Waliokuwa wakihesabu viota ndio waliokuwa na ushahidi.

Bila daftari, mkazi wa bwawani ana kumbukumbu tu, na kumbukumbu ya mvuvi mbele ya kamati ya maprofesa haina uzito. Hapo ndipo gharama ya kutojali ndege inapoangukia: kwenye kaya iliyozuiwa kuchota maji, isiyo na fedha za kununua ya chupa, na isiyo na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba jana palikuwa tofauti.

Tumbusi wa Kogatende na mbwa wa Mugumu

Turudi kidogo upande wenye geti, kwa sababu mto ni uleule. Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba hivi, nyumbu huvuka Mto Mara maeneo ya Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, na ng'ambo ya mpaka, na kwa wastani zaidi ya 6,000 huzama. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria mizoga hiyo kuwa tani zipatazo 1,100 kwa mwaka. Watalii hupiga picha mamba. Kazi ya usafi hufanywa na samaki, funza, korongo wa mizoga na tumbusi. Mifupa hubaki mtoni kwa miaka ikitoa rutuba inayoshuka na maji kuelekea mabwawa ya chini.

Tumbusi hapendwi. Ana sura mbaya, ananuka, na mwenye duka akifananishwa naye hukasirika. Lakini mmoja wa jamaa zake, tumbusi wa aina ya Rüppell anayeonekana hapa Serengeti, ndiye mwenye rekodi ya ndege aliyeruka juu kuliko wote: mwaka 1973 aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita zaidi ya 11,000. Leo yumo kwenye kundi la walio hatarini kabisa. Muuaji mkubwa ni sumu. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba humwaga dawa ya shambani kwenye mzoga ili alipize kisasi, na mzoga mmoja huua makumi ya tumbusi kwa siku.

Kwa nini kaya ya kawaida ijali? India ilijibu swali hilo bila kutaka. Huko, tangu miaka ya 1990, dawa ya maumivu ya ng'ombe iitwayo diklofenaki iliwaua karibu tumbusi wote. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka na kichaa cha mbwa pamoja nao, maji yakachafuka. Wachumi wawili waliochapisha utafiti wao 2024 walikadiria kwamba kati ya 2000 na 2005 watu wapatao nusu milioni walikufa kwa sababu tu tumbusi hawakuwepo. Wilaya ya Serengeti inakijua kichaa cha mbwa, haihitaji kuhadithiwa. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa uliingia hifadhini na kuua takriban theluthi ya simba wote, na tangu miaka hiyo mbwa wa vijijini wamekuwa wakichanjwa ili kuwalinda simba na watoto kwa pamoja. Mzazi wa Mugumu, mji mkuu wa wilaya hiyo, aliyewahi kumkimbiza mtoto hospitali kwa sindano za kichaa cha mbwa anajua bei yake. Tumbusi ni sehemu ya bajeti hiyo, ingawa hakuna anayemwandika.

Mabamba walifanyaje?

Penye miti hapana wajenzi, lakini upande wa pili wa ziwa wajenzi walipatikana. Magharibi ya Entebbe, Uganda, kuna bwawa la mafunjo liitwalo Mabamba. Humo anaishi yule korongo wa kijivu mwenye mdomo mkubwa kama kiatu, mla kamongo. Wavuvi wa Mabamba walimchukia. Waliamini kwamba ukimwona asubuhi hutapata samaki siku nzima, kwa hiyo walimuua. Leo wavuvi haohao na watoto wao ndio wanaowapeleka wageni kwa mitumbwi kumtafuta, wamejiunga katika chama cha waongozaji, na bwawa lao liliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Mtumbwi ni uleule. Kilichobadilika ni anayepandishwa.

Kisumu nako, kwenye bwawa la Dunga, vijana wa pale wamekuwa wakiwatembeza wageni kuwaonyesha ndege wa mafunjo, akiwemo yule tiva mwekundu. Tanzania ina maeneo manne kwenye orodha ya Ramsar: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa, yote yaliingizwa kati ya 2000 na 2004. Bwawa la Mara halimo. Kila Septemba 15 Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kwa hotuba, mabanda na miti ya kupanda. Ni sherehe nzuri, na ingekuwa nzuri zaidi kama mwaka mmoja wageni rasmi wangepandishwa mtumbwi kabla ya kupandishwa jukwaani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: hapa methali hiyo ina masharti. Mwenyeji hatapona ikiwa mtumbwi ni wa kampuni ya mbali, mwongozaji ametoka Arusha, na kijana wa Kinesi amebaki kubeba mabegi. Vilevile asidanganywe mtu kwamba ndege watalipa ada za shule za Rorya nzima. Mabamba iko karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa, Kirumi haiko. Mapato yatakuwa madogo na ya msimu. Lakini kijana anayemjua kila ndege wa bwawa kwa sauti ana kazi ambayo hakuna mashine iliyomnyang'anya. Na pa kuanzia kujifunza papo: programu ya simu ya Chuo Kikuu cha Cornell iitwayo Merlin, inayosaidia kutambua ndege, hupatikana bure, na simu zinazoweza kuibeba tayari zimejaa Nyamisangura zikitazamiwa mpira.

Ubishi ulio halali

Kuna watakaosema: mwandishi anasifu ndege kwa sababu hajalima mtama. Ni kweli kwamba si kila chenye mabawa ni rafiki. Kwelea mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja ni tani 10 kabla ya jua kuzama, na makundi huzidi hapo. Watoto wanaoshinda shambani kupiga madebe ni watoto wasiokwenda shule. Serikali hutuma ndege za kupulizia sumu mahali kwelea wanapolala, na mwewe na bundi wanaookota waliokufa hufa nao. Hata hapo, anayewahi kuyaona makundi yakijikusanya, akatoa taarifa kabla hayajawa makubwa, ndiye anayeokoa mtama. Kumtazama ndege si kumpenda.

Tembo ni ubishi mzito zaidi. Vijiji vinavyopakana na Serengeti na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti hulala macho wakati wa mavuno. Kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo kwa walioathiriwa na wanyamapori, vipo kwenye kanuni, ila aliyevuniwa shamba na tembo usiku mmoja atakwambia jasho hilo huchelewa kufutwa. Kwa watu hao, neno uhifadhi lina maana ya gunia lililopotea. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanzia ziwani, kwa viumbe wasiokanyaga shamba la mtu, badala ya kumtaka mwananchi apende uhifadhi kupitia mnyama aliyemlia mahindi.

Na wafugaji je? Kila mchungaji wa Kikuria amewaona ndege wa kupe wakining'inia mgongoni mwa ng'ombe, na yangeyange wakidaka panzi wanaotimuliwa na kwato. Wakuria pia wana koo zenye wanyama wao wa heshima, wasiouawa wala kudhihakiwa. Kwa hiyo wazo kwamba kiumbe wa porini anaweza kuwa wa ukoo, akalindwa bila askari na bila geti, halihitaji kuletwa na mradi. Lilikuwepo kabla Serengeti haijawa hifadhi ya taifa mwaka 1951.

Januari

Tangu 1967 watu wa nchi nyingi huhesabu ndege wa majini kila Januari, wakati wageni wa kutoka kaskazini bado wako huku. Ni kazi ya darubini, kalamu na uvumilivu. Shule za sekondari za Tarime na Rorya zina walimu wa biolojia, zina wanafunzi wanaokariri mnyororo wa chakula wa mabwawa wasiyowahi kuyaona, na zina ziwa umbali wa nauli ya Hiace. Kuna ugumu gani wa klabu moja kutoka Nyamisangura na nyingine kutoka Kinesi kusimama Kirumi asubuhi moja ya Januari, mwaka baada ya mwaka, mahali palepale, saa ileile, na kuandika walichokiona?

Fedha si kisingizio kwa wilaya kama Tarime, yenye mgodi mkubwa wa dhahabu. Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya 2017 yanamtaka mwenye leseni aandae mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha hizo hujenga madarasa na zahanati, na ziendelee kujenga. Darubini kumi na madaftari hayatapunguza tofali hata moja. Nauli ya mtumbwi ilipwe kwa mwenye mtumbwi wa Kirumi au Kinesi, mkononi, siku hiyohiyo. Hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa mwalo, pale zinapobandikwa bei za samaki, na nakala ipelekwe ofisi ya bonde la maji na ofisi ya mazingira ya halmashauri, igongwe muhuri wa kupokelewa.